Kuasili mtoto: jaji huanza na faili la mtoto, si mshahara wako

Wanaotaka kuasili mtoto, yaani kumfanya wao kabisa kisheria, huku kwetu Kenya, kuanzia Nakuru hadi Busia, huja na wasiwasi uleule: mshahara ni mdogo, nyumba ni ya kupanga, sijaolewa. Hayo yataulizwa, lakini kwa kawaida si hayo yanayokwamisha ombi. Kinachokwamisha ni faili la mtoto. Jaji anataka kujua mtoto huyu alizaliwa na nani, alifikaje mikononi mwako, nani alikuwa na haki juu yake kabla yako, na huyo mtu yuko wapi leo. Kila hatua iwe na karatasi, na kila karatasi iwe na tarehe inayofuatana na ile iliyotangulia. Ukiwa na hayo, nyumba ya vyumba viwili ya kupanga haitakunyima mtoto. Ukiyakosa, hata jumba la ghorofa halitakusaidia.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 26 Julai 2022 na kuiondoa ile ya 2001. Nalisema hili mapema kwa sababu maelezo ya sheria ya zamani bado yanazunguka, mengine kwenye fomu zilizotolewa kopi miaka mingi iliyopita. Mfano mmoja: zamani mtoto aliombwa idhini yake akiwa na miaka 14. Sasa ni miaka 10. Mtu akija na mtoto wa miaka 11 bila idhini ya mtoto mwenyewe kwa maandishi, amejinunulia ahirisho la kesi.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba. Kifungu cha 53(2) kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Usiyachukue kama maneno ya kupamba tu. Ndicho kipimo ambacho jaji atakitumia pale karatasi zako zitakapokuwa sawa lakini moyo wake una shaka, na pia pale karatasi zitakapokuwa na kasoro ndogo lakini mtoto ameshatulia kwako na anakua vizuri.

Je, unahitaji kuasili kweli?

Watoto wengi wanaolelewa na wasio wazazi wao katika kaunti za magharibi wako kwa jamaa: nyanya, shangazi, mjomba, dada mkubwa. Wazazi wamefariki, au mama ameenda kutafuta kazi Nairobi au Ghuba, na mtoto amebaki nyumbani. Jamaa hawa wakifika ofisini huuliza kuhusu uasili kwa sababu shule inadai cheti, hospitali inadai sahihi ya mzazi, au uhamiaji wamekataa kutoa pasipoti. Wengi wao wanachohitaji ni amri ya ulezi wa kisheria, ambayo hutolewa na Mahakama ya Watoto mbele ya hakimu. Ulezi huo unakupa mamlaka ya kumsomesha mtoto, kumtibu na kusimamia mambo yake hadi afike miaka 18, bila kukata undugu wake na wazazi waliomzaa. Nyanya wa miaka 70 anayelea wajukuu watatu Siaya asianze safari ya Mahakama Kuu. Ulezi wa kisheria unamfaa zaidi.

Uasili ni jambo zito kuliko hilo. Amri ikitoka, haki na wajibu wote wa wazazi wa awali unaisha, na mtoto anahesabiwa kana kwamba umemzaa wewe ndani ya ndoa. Jina linaweza kubadilika. Urithi unahama: anarithi kwako. Kama baba mzazi amefariki na mirathi yake haijafunguliwa, mwulize wakili kuhusu fungu la mtoto kabla hujapeleka ombi la uasili, si baada ya hapo.

Waislamu wa Mumias, Kisumu au Nakuru wana njia ya tatu. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, yaani kumchukua na kumlea mtoto bila kumwondolea nasaba yake. Kwa familia ambayo dini yake hairuhusu kumwita mtoto kwa jina la asiyemzaa, hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Hata hivyo kuna jamaa ambao nawashauri waasili kabisa, na sababu yenyewe ni ardhi. Mjomba amemchukua mtoto wa dada yake akiwa na miaka miwili, amemlea kama wake, watu wote kijijini wanajua. Mjomba anafariki bila wosia. Chifu anaombwa barua ya kutaja warithi, na ndugu wa marehemu wanamwambia aliacha watoto wanne, si watano. Sheria ya Urithi haimtupi mtoto huyo: kifungu cha 3(2) kinamhesabu mtoto ambaye mwanamume amejitwika jukumu lake la kudumu, na kifungu cha 29 kinawataja watoto ambao marehemu aliwachukua kama wake na alikuwa akiwatunza kabla ya kufa. Lakini atalazimika kuthibitisha, mbele ya watu wanaotaka ashindwe, na shahidi wake mkuu yuko kaburini. Mtoto aliyeasiliwa hana haja ya kuthibitisha lolote zaidi ya kuonyesha cheti chake. Sheria ya 2022 inautaja uasili wa jamaa waziwazi kama aina mojawapo ya uasili, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mahakama haishughuliki na watoto wa ukoo.

Mtoto alikotoka

Kuna njia tatu kuu zinazomfikisha mtoto kwenye uasili: ni yatima asiye na mlezi, ametelekezwa na wazazi hawapatikani, au mzazi mwenyewe ameamua kumtoa. Kila njia ina karatasi zake na ina mahali pake pa kuharibika.

Kwa yatima, karatasi inayotakiwa ni cheti cha kifo cha kila mzazi. Hapa ndipo familia nyingi za huku zinapokwama, maana kilichopo nyumbani ni kibali cha mazishi tu. Kibali kinakuruhusu kuzika. Hakithibitishi kifo mbele ya jaji, na barua ya chifu haizibi pengo hilo. Kama kifo hakikusajiliwa ndani ya miezi 6, usajili wake unahitaji idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu wa vizazi na vifo, jambo linalochukua muda wake. Anza nalo siku unayoamua kuasili, kabla hata ya kumtafuta wakili. Na kama mama alifariki lakini baba hajulikani, usiandike kwenye kiapo kwamba mtoto ni yatima wa wazazi wote wawili. Andika ukweli: mama amefariki, baba hakutajwa kwenye cheti cha kuzaliwa, juhudi za kumtafuta zilikuwa hizi na hizi.

Kwa mtoto aliyetelekezwa, kila kitu kinasimama juu ya ripoti ya kwanza ya polisi. Aliyemwokota mtoto, awe bodaboda, muuza mboga au muuguzi, anapaswa kwenda kituoni siku hiyohiyo na kupewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Soma kilichoandikwa kabla ya kuondoka dirishani. Kinapaswa kueleza mtoto alipatikana wapi hasa, saa ngapi, alikuwa amevaa nini, anakadiriwa kuwa na umri gani, na aliyemleta ni nani kwa jina na nambari ya kitambulisho. "Mtoto amepatikana sokoni" haitoshi. Soko gani, upande gani, nani aliona? Miezi mingi baadaye, polisi watatakiwa kuandika barua ya mwisho inayosema uchunguzi umefanywa na hakuna mzazi wala jamaa aliyejitokeza. Afisa atakayeiandika huenda hakuwepo siku ile, ataegemea ile mistari michache ya OB. Ikiwa mistari hiyo ni mitupu, barua nayo itakuwa tupu, na jaji ataiuliza.

Baada ya polisi ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kisha Mahakama ya Watoto, ambayo ndiyo hutoa amri ya kumweka mtoto kwenye makao ya watoto au kwa familia. Aliyemwokota hana haki ya kubaki naye kwa kuwa tu alimwokota. Najua inauma. Mama aliyemkuta mtoto mlangoni, akamwogesha na kumlisha, huona kama Mungu amemletea, na akienda ofisini anaogopa kunyang'anywa. Lakini kila wiki anayokaa kimya ni wiki ambayo jaji ataiuliza, na kuna mama mwingine huenda anamtafuta mwanawe. Nenda uripoti, kisha mwambie afisa wa watoto waziwazi kwamba ungependa kumlea. Ombi la kumlea kwa muda likifuata mkondo huo, ni halali. Ukiwa huna uhakika pa kuanzia, piga 116, laini ya watoto. Hailipiwi.

Jambo jingine: mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana hajafika miaka 8, na ambaye uraia na wazazi wake havijulikani, Katiba kifungu cha 14(4) inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa. Hili ni muhimu Busia na Malaba, ambako swali la kama mtoto alitoka ng'ambo ya mpaka haliishi. Usikubali licheleweshe faili bila sababu.

Kwa mtoto anayetolewa na mzazi wake, kiini ni idhini. Mama hawezi kutoa idhini halali kabla mtoto hajafikisha wiki 6. Kikomo hicho kipo kwa sababu mama aliyejifungua jana, mwenye maumivu na aibu na pengine shinikizo la wazazi wake, si mtu wa kutiwa kalamu mkononi. Karatasi iliyotiwa sahihi wodini siku ya pili baada ya kujifungua haina thamani hata kama ina mihuri mitatu. Mama apewe ushauri nasaha kwanza, aelezwe kwamba amri hii ni ya kudumu, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kama anaelewa Kijaluo au Kibukusu tu, hati isomwe na kutafsiriwa kwa lugha hiyo, na mwisho wa hati uandikwe ni nani aliyetafsiri. Kama anaweka alama ya kidole gumba badala ya sahihi, hilo nalo lielezwe. Idhini nzuri ya Kiingereza safi yenye alama ya kidole gumba, bila neno hata moja kuhusu mkalimani, humfanya jaji yeyote makini aweke kalamu chini na kuagiza mama aitwe.

Na baba je? Katiba kifungu cha 53(1)(e) kinawapa mama na baba wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Zamani watu walimruka baba asiyekuwa mume. Usimruke. Hili linawahusu hasa wanandoa ambapo mume anataka kumwasili mtoto ambaye mke alikuja naye. Baba mzazi akiwa anajulikana, aombwe idhini. Akikataa bila sababu ya msingi, akiwa amemtelekeza mtoto au hapatikani, mahakama inaweza kuondoa hitaji la idhini yake, lakini jaji ndiye anayeamua hilo, baada ya kuonyeshwa ushahidi: jumbe zilizotumwa, matangazo, barua ya chifu wa kwao. Kuandika "hajulikani alipo" wakati mtoto alizungumza naye kwa simu Krismasi iliyopita ni kusema uongo chini ya kiapo, na afisa wa watoto atakapomhoji mtoto, siri itatoka.

Upande wa mwombaji

Hapa nitakwenda haraka. Anayeomba peke yake, au angalau mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21, na asiwe amefika 65. Jamaa wa mtoto na mzazi wake mwenyewe hawabanwi na kipimo hicho cha chini. Wanaoomba pamoja lazima wawe wameoana. Mwanamke asiyeolewa anaweza kuasili, na majaji wamewaruhusu wengi. Mwanamume anayeomba peke yake ana masharti magumu zaidi, kwa hiyo amwone wakili kabla ya kutumia senti. Aliyeoa au kuolewa akiomba peke yake, mwenzake atoe idhini.

Mgeni asiye raia asome jambo moja kabla ya mengine yote: Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya na wageni, na tangu wakati huo mlango huo haujawa wa kuingia na kutoka kama zamani. Yeyote anayekuahidi kwamba anajua njia, mwepuke.

Karatasi zako binafsi ni kitambulisho, cheti cha ndoa, ripoti ya daktari, uthibitisho wa mapato (hati za mshahara, taarifa za benki, au rekodi za biashara na M-Pesa kwa aliyejiajiri), barua za watu wanaokufahamu, picha, na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Hicho cha mwisho kinaombwa kupitia eCitizen, ada imekuwa shilingi 1,050, na alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre. Kiombe mapema ila si mapema mno, maana kikikaa sana kabla ya siku ya kusikizwa utaambiwa ulete kipya.

Halafu majina. Yasome herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Atieno, cheti cha ndoa kinasema Atyeno, cheti cha kidato cha nne hakina jina la pili kabisa. Kwako ni mtu mmoja, kwa msajili ni watu watatu. Hati ya kiapo ya kueleza tofauti hizo inaandikwa kwa nusu saa. Kuirekebisha amri ya mahakama iliyotoka na jina lililokosewa, ambalo kisha limeingia kwenye rejista, kunachukua miezi.

Shirika la uasili na ile miezi mitatu

Hakuna kwenda moja kwa moja kortini na mtoto mkononi. Mtoto na mwombaji lazima watathminiwe na shirika la uasili lililosajiliwa, na mtoto awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto ndilo linalosimamia mashirika haya. Kabla ya kulipa ada yoyote, omba kuona cheti cha usajili na uangalie tarehe ya mwisho wake. Kisha uliza barazani au kwa afisa wa watoto kama usajili ungali hai. Tathmini iliyofanywa na shirika ambalo usajili wake umekwisha ni shimo ambalo wakili mzuri hawezi kulifukia.

Mfanyakazi wa jamii atakuja nyumbani. Hatakuja kukagua vigae. Ataangalia mtoto atalala wapi, maji yanatoka wapi, nani mwingine anaishi humo, nani atabaki na mtoto ukiwa kazini. Atazungumza na watoto wako wengine, na huenda akaulizia majirani. Mwambie kila kitu, pamoja na talaka ya zamani, mkopo, mimba zilizoharibika, mtoto uliyempata ukiwa shuleni anayelelewa na mama yako. Mambo haya yakielezwa na wewe ni historia. Yakigunduliwa na mtu mwingine ni udanganyifu. Wanandoa wajiandae pia kuhojiwa kila mmoja peke yake, na hapo ndipo hutokea mara nyingine kwamba mmoja anataka mtoto na mwingine anamfuata tu. Bora hilo lijulikane sebuleni kwenu kuliko baada ya mtoto kufika.

Ukikubaliwa na mtoto kupatikana, mnakutanishwa, kisha anawekwa kwako. Kabla ya kupeleka ombi mahakamani, mtoto lazima awe chini ya malezi yako mfululizo kwa miezi 3, ndani ya Kenya. Mfululizo maana yake mfululizo. Usimpeleke kwa mama yako Vihiga likizo nzima huku wewe uko Nakuru, kisha uape kwamba alikuwa nawe. Weka kadi ya kliniki, risiti za shule ya chekechea, na rekodi za ziara za mfanyakazi wa jamii. Zote zina tarehe, na tarehe ndizo zitakazokuzungumzia.

Walioajiriwa wana haki ambayo wengi hawaijui. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2021 yanampa mfanyakazi anayewekewa mtoto wa kuasili likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapowekwa kwake. Mwandikie mwajiri angalau siku 14 kabla, ukiambatisha makubaliano ya malezi kati yako na shirika pamoja na cheti cha shirika kinachokuruhusu kumchukua mtoto. Wakuu wa wafanyakazi wengi hawajawahi kuiona likizo hii ikiombwa, kwa hiyo ambatisha na kopi ya kifungu chenyewe, 29A. Inapunguza mabishano.

Ndani ya Mahakama Kuu

Maombi ya uasili yanakwenda Mahakama Kuu, si kwa hakimu. Watu wa huku hawana haja ya kwenda Milimani, Nairobi: Mahakama Kuu ipo Nakuru, Naivasha, Kericho, Eldoret, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia, Homa Bay, Kisii na Migori. Tangu Machi 2024 hati zinawasilishwa kwa mtandao nchi nzima kupitia mfumo wa Idara ya Mahakama, kwa hiyo piga skani safi. Kopi ya cheti iliyopigwa kwa simu usiku, kona moja ikiwa gizani, itarudishwa.

Wakili anaanzisha shauri kwa samansi, ikifuatana na maelezo yako ya kiapo na viambatisho. Mwanzoni jaji huombwa mambo mawili: kumteua mlezi wa kesi, yule ambaye mawakili humwita gadiani ad litem, na kuiagiza idara ya huduma za watoto ilete ripoti yake, ambayo kwa kweli huandikwa na afisa wa watoto wa eneo lenu. Mlezi wa kesi ni macho ya mtoto ndani ya shauri. Anakuja nyumbani, anachunguza, anaangalia kama idhini zilitolewa kwa hiari, kisha anaiandikia mahakama. Kazi yake inaisha amri ikitoka.

Usimchanganye na mlezi wa kisheria, ambaye unamtaja ili amlee mtoto ukifa wewe kabla mtoto hajawa mtu mzima. Huyu wa pili mara nyingi ni ndugu au rafiki wa karibu, naye anaandika idhini yake mwenyewe. Watu humtaja dada yao kwa nafasi zote mbili, halafu wanashangaa jaji akikataa. Dada yako hawezi kukuchunguza wewe kwa niaba ya mtoto. Na mlezi wa kisheria awe mtu mliyeongea naye hasa. Majaji huwauliza papo hapo kama wanaelewa walichokubali, na kimya kirefu hapo hakipendezi.

Ripoti ya afisa wa watoto ndiyo inayochelewesha kesi nyingi. Afisa mmoja ana kaunti ndogo nzima, kesi za dhuluma za kila siku, na mara nyingine hana gari. Mpelekee nakala ya amri ya mahakama mwenyewe, hakikisha amepokea na kutia muhuri, mpe ramani ya kwako na nambari ya simu, na umkumbushe kwa heshima wiki mbili kabla ya tarehe. Usimpe "ya mafuta". Ni kosa, na pia inaitia doa ripoti unayoihitaji iwe safi.

Siku ya kusikizwa, kesi husikizwa faraghani, ofisini kwa jaji au kwa video, bila umma. Majina ya wahusika hufichwa kwenye uamuzi, zinaandikwa herufi za mwanzo tu. Mje na mtoto. Jaji atataka kumwona, na akiwa mkubwa atazungumza naye, pengine mkiwa nje. Mtoto wa miaka 10 au zaidi idhini yake inahesabiwa, kwa hiyo kama bado hajui kwamba hukumzaa, umechelewa sana na si haki akajue mbele ya jaji. Ninyi mtaulizwa kwa nini mnataka kuasili, kama mnajua amri ni ya kudumu, kama mtoto atarithi sawa na wengine, mtamwambia lini asili yake. Jibuni kwa maneno yenu. Majibu yaliyokaririwa yanajulikana. Kama jaji ana shaka ambayo muda unaweza kuiondoa, anaweza kutoa amri ya muda ya malezi na kuwataka mrudi.

Gharama na njia za mkato

Utalipa ada ya shirika, ada ya wakili, ada za mahakama na vyeti. Kila moja idai risiti. Asiyejiweza aulize msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, pia wana ofisi Kisumu.

Malipo kwa mama, kwa muuguzi, kwa meneja wa makao au kwa "mtu wa kati" ili upate mtoto ni kosa la jinai, hata yakiitwa shukrani. Mkondo huo ukiwa biashara ya mtoto, Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Na ipo ile njia ya mkato inayopendwa zaidi: kutafuta notisi ya kuzaliwa inayoonyesha kwamba wewe ndiye uliyejifungua. Cheti kitatoka, mtoto ataenda shule, miaka 20 itapita. Kisha kipimo kimoja cha DNA kwenye kesi ya mirathi kitaonyesha kwamba cheti ni cha uongo, na mtu mzima mwenye familia yake atajikuta hana mzazi kwenye karatasi yoyote. Kwa wenye pupa hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Baada ya amri

Amri humwelekeza Msajili Mkuu aingize jina kwenye Rejista ya Watoto Walioasiliwa. Haijiendeshi yenyewe. Chukua nakala zilizothibitishwa za amri, nne au tano, na uhakikishe wakili amezipeleka kwa msajili. Hapo ndipo cheti kinatoka, na kinatumika popote cheti cha kuzaliwa kinapodaiwa. Mtoto asiye raia aliyeasiliwa na raia ana haki ya kusajiliwa kuwa raia kwa kifungu cha 15(3) cha Katiba, lakini ni kwa kuomba.

Halafu mwongeze SHA, bima ya afya ya serikali, kama mtegemezi wako, mwambie mwajiri na kampuni ya bima, na kama una wosia wa zamani unaotaja watoto kwa majina, uandike upya. Jina jipya lipelekwe shuleni mapema. Mtoto aliye Gredi ya 5 au ya 8 ndiye wa kuharakishiwa, kwa sababu shule ikishamsajili KNEC, baraza la mitihani, kwa jina la zamani, mtafuatana na marekebisho hayo muda mrefu baada ya matokeo kutoka.